Saki sitini za baraji yetu

Jumamosi tulipanga saki sitini zilizojaa udongo, ziwe baraji ya kuzuia maji, kando ya kijito kinachopita chini ya mtaa wetu, hapa Kimemi. Najua ni sitini kwa sababu nilihesabu mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Ilikuwa salongo, kazi ya watu wote. "Wote" ni neno la shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa. Mimi niliona watu kumi na wanne, wawili wao wakishikilia makoti ya wengine.

Nyumba ya mwisho kule bondeni ni ya dada yangu mdogo, ya matofali mabichi. Msimu huu maji yameingia mara mbili. Ukuta wa nyuma umelowa hadi kiunoni. Mara ya tatu utaanguka, na watoto wake wanalala chini yake.

Jumatatu: hamsini na moja. Nikahesabu tena. Hamsini na moja. Udongo ulikuwepo, umemwagwa vizuri kabisa. Saki ndizo zilizoondoka. Huku kwetu saki nzima hairuhusiwi kulala bure wakati kuna makala, yaani mkaa, na kabichi za kupeleka sokoni.

Jirani wa kwanza niliyemuuliza, muuza makala, hakukana hata kidogo.

"Nilikamata moja tu, papa. Sitini kutosha moja, inabaki hamsini na tisa, baraji iko."

"Na wale wengine nao walikamata moja tu?"

"Ile uwaulize benyewe."

Nikashuka kwa dada yangu, angalau nilalamike mbele ya mtu mwenye akili. Akavuta saki ya viazi kutoka nyuma ya mlango anipikie. Saki ilikuwa na alama ya rangi ya buluu. Alama hiyo niliipaka mimi Jumamosi, kwenye saki za baraji.

"Mais lakini, mdogo wangu, hata wewe?"

"Yaya, kaka yangu mkubwa, jua iliwaka siku mbili! Na viazi yangu ilikuwa inaoza chini."

Ngurumo ikapiga. Tukamwaga viazi kitandani, tukakimbia na saki. Kwenye tundu la baraji, pale saki zilipoondolewa, tulimkuta muuza makala na wengine saba, kila mmoja anajaza saki yake udongo, hakuna anayemtazama mwenzake. Nikahesabu huku mvua inanichapa. Sitini. Tena: sitini.

Maji yalipanda hadi saki za juu, yakasimama, yakaanza kushuka. Ukuta ulibaki wima. Dada yangu akajifuta uso kwa kitenge, akaangalia mawingu yanayofunguka.

"Yaya, mvua imeisha. Naweza kukamata saki yangu?"