Majibu Yaliyoishia Mapokezi

Kazi yangu ina kero moja ambayo nikianza kuieleza watu wananikimbia. Skrini unayoiona kama ukurasa mmoja imeundwa kwa vipande vingi, na vipande hivyo havijuani. Kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, kama mtoto na mzazi. Kikiwa na la kusema kinatoa tukio, yaani ujumbe uliopewa jina na sisi wenyewe tunaoandika programu, na ujumbe huo unapanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, na kwa mzazi wa mzazi, mpaka umfikie anayeusikiliza. Ukikwama njiani, umepotea. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo, kimya tu. Nimewahi kutafuta ujumbe wa namna hiyo siku nzima, nikarudi Endagikot nilikopanga nimenuna mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimefiwa.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwenye kituo cha afya upande wa Mbulu, sitakitaja. Nilitakiwa kuondoa vikaratasi vya majibu ya vipimo. Kabla yangu, kijana wa watu wa maabara, mwenye diploma yake, alikuwa anabeba kikaratasi kutoka dirishani kwake mpaka kwa daktari. Ni hatua ishirini. Lakini katikati kuna benchi, na benchini kuna wazee, na huku mtu hapiti mbele ya mzee bila shikamoo. Shikamoo moja inazaa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Hatua ishirini zilikuwa zinakula robo saa.

Basi nikatengeneza mfumo wangu, nikajiona bingwa. Ukurasa uliokuwa wazi kwenye kompyuta ya mapokezi ndio uliobeba vipande vyote. Kipande cha maabara kilikaa ndani ya kipande cha mapokezi, na cha mapokezi ndani ya kile kikuu. Maabara wakibonyeza Tuma, kipande chao kinatoa tukio nililoliita majibu-tayari, linapanda mpaka kwenye kile kikuu, na hicho kinalia kengele kwa daktari. Siku ya mafunzo nilisimama mbele yao, kidole juu, nikasema kuanzia leo sitaki kuona mtu anatembea na karatasi.

Wiki haikuisha, malalamiko yakaanza. Muuguzi wa mapokezi, mama mtu mzima aliyehamishiwa huku kutoka Kigoma, alisema kompyuta yake inalia ting kila kitu kikiguswa. Damu ikipokelewa, ting. Jina likiandikwa, ting. Ijumaa alinizuia mlangoni nikiwa nimeshabeba begi. Akasema, "Mwanangu, hiki kitu kinipumzishe. Kinyamazishe leo hii." Ningempinga vipi mama yule? Nikakaa, nimekunja sura, nikaongeza mstari mmoja tu kwenye kipande cha mapokezi, kwamba ujumbe wowote ukifika hapa, uishie hapa. Nilitakiwa kuzima mlio. Mimi nikazima ujumbe wenyewe, kwa sababu nilikuwa na haraka na mstari ule ni mfupi. Nikabonyeza mara mbili, ting haikusikika. Mama akanishukuru na kunipa chapati mbili za kula njiani.

Jumatatu walikuja bibi mmoja na binti yake kutoka Gehandu, na basi la alfajiri. Bibi alikuwa na kiu isiyokwisha na mwili umemwisha nguvu. Daktari alimwona, akaandika apimwe sukari, akamwambia akae benchini mpaka majibu yatoke. Nilipita mbele yao mara ya kwanza nikienda kupigana na printa, maana printa ile nayo ilikuwa adhabu ya peke yake. Nikasema shikamoo bibi. Akaitikia marahaba vizuri kabisa, kwa Kiswahili chake chenye uzito wa Kiiraqw, akaniuliza kwetu ni wapi na kama mvua imenyesha. Niliporudi, binti yake, mwanamke wa umri wangu, aliniuliza kama majibu yametoka. Nikamwambia asubiri, yakitoka kompyuta itasema yenyewe. Nilisema hivyo kwa majivuno, kusema kweli.

Mara ya pili bibi aliitikia kwa sauti ya chini. Nikajua ni usingizi wa watu walioamka saa tisa usiku. Printa ilikuwa imetafuna karatasi tena, na akili yangu yote ilikuwa huko.

Mara ya tatu nikasema shikamoo bibi, na hakuitikia.

Niseme ukweli wangu hata kama ni wa aibu. Niliudhika. Nikaona bibi huyu ananidharau, mimi mgeni niliyeletwa huku na kazi. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Mzee aliyekaa pembeni yake akageuka kumtazama, maana huku mkubwa haachi shikamoo ya mtoto ikaning'inia hewani, hata akiwa anaumwa. Binti akamgusa bega. Kichwa cha bibi kikaangukia kifuani kwake mwenyewe.

Daktari alitoka mbio akiuliza majibu yako wapi. Yule wa maabara akatoka naye, amepauka, anasema ameyatuma tangu asubuhi, sukari iko juu mno, amebonyeza na kubonyeza. Alitaka kuyaleta kwa mkono, akakumbuka nilivyokataza. Wakambeba bibi ndani, wakamwekea dripu na sindano.

Mimi nikaenda mapokezi kufungua ukurasa. Kwenye orodha ya maabara, kila alipobonyeza Tuma saa imeandikwa. Mara saba. Ya kwanza ilikuwa saa nne na dakika nane, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa saba. Jumbe saba zimepanda ngazi moja, zimefika kwenye mstari wangu, zimekufa hapo. Niliufuta mstari ule. Nilitaka kumgombeza mtu. Nimgombeze nani? Mama wa Kigoma aliomba utulivu, wa maabara alitii agizo langu, na daktari alisubiri kengele niliyomwahidi. Jamani, nilijichukia.

Bibi alikuja kuzinduka kesho yake, akalala wodini wiki nzima, kisha akarudi kwake. Lakini mchana ule hakuna aliyejua kama atarudi. Saa kumi nilimkuta binti benchini peke yake, shuka la mama yake mapajani. Akaniuliza, taratibu tu, majibu yalitoka saa ngapi.

Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, kwamba mtandao ulisumbua. Ofisi zote zinausema na wananchi wote wanaukubali. Nikamtazama, ukanishinda.

"Yalitoka saa nne na dakika nane, dada," nikasema. "Yalikwama kwenye kompyuta. Niliyezuia ni mimi, bila kujua."

Alilikunja lile shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Saa nne," akasema, "mama alikuwa bado anaongea. Alikuwa ananipangia nani akamue ng'ombe jioni."