Kuvua Kambale na Mama Mkwe

Mwaka nilipougua kifua kikuu nilifika kilo arobaini na saba. Mimi ni fundi pikipiki, kibanda changu cha kazi kiko Manundu, Korogwe, na kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kunyanyua injini peke yangu na kuiweka juu ya meza. Siku moja nikashindwa kufungua nati ya gurudumu. Nilikaa chini nikaitazama ile spana kama kitu cha mtu mwingine. Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, ndiye aliyesikiliza maelezo ya dawa wakati mimi nimeegemea ukuta, na ndiye aliyeamua kwamba wakishathibitisha siambukizi tena, niende Handeni kwa mama yake nikapumzike.

"Nikalale kwa mama mkwe?" nilimwuliza. "Watu watasemaje?"

"Watasema unaumwa," alinijibu. "Mimi niko sokoni tangu alfajiri. Hapa nani atakupikia?"

Aliyezaliwa mjini huenda asielewe uzito wa jambo lile. Mimi ni Msambaa, mke wangu ni Mzigua, na kwa wazee wa pande zote mbili mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawapeani mikono. Hawali sahani moja wala kukaa mkeka mmoja. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini kumpisha mwenzake. Katika miaka kumi na moja ya ndoa sikuwahi kumtazama yule mama usoni zaidi ya muda wa salamu, na sidhani kama nilijua rangi ya macho yake.

Alinipa chumba cha uani kilichokuwa cha wanawe kabla hawajaondoka kwenda kutafuta maisha. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, analima mahindi na mbaazi. Jirani yake wa karibu alikuwa mama mmoja wa Kimasai aliyemletea maziwa kila asubuhi na kupokea mahindi. Chakula changu alikiweka juu ya kigoda mlangoni, anakohoa kidogo ili nijue kimefika, kisha anaondoka. Saa moja kamili asubuhi, saa ya vidonge vyangu, alisimama upande wa pili wa ukuta.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima.

Shida ilikuwa kula. Vile vidonge vilifanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma. Ugali ulirudi kama ulivyokuja, kuku vilevile, maziwa nayaangalia tu. Sikuwa nadeka, koo lenyewe lilikataa. Siku ya tano kikaja kibakuli cha kambale aliyekaushwa kwa moshi kisha akapikwa mchuzi mwepesi wa nyanya, umekamuliwa ndimu, na bada pembeni, ule ugali wa muhogo wa kwetu Tanga. Nilionja kwa adabu tu. Nilipokuja kushtuka nalamba vidole. Kesho yake nikaletewa tena, na keshokutwa.

Wiki ilipoisha nilishindwa kuvumilia. Nikasema nikiwa ndani, bila kutoa kichwa nje, "Mama, hawa samaki mnanunua wapi?"

"Hatununui," akasema. "Navua."

Nilimwomba siku akienda nifuatane naye. Nilichoka kulala, na hospitali waliniambia jua la asubuhi ni zuri kwangu. Alifikiri hadi kesho yake ndipo akajibu, "Njoo. Ila utakaa upande wako."

Bwawa lilikuwa mwendo wa robo saa, na mimi nilitumia saa nzima kwa kupumzika njiani. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe. Nilipofika sikuona maji. Niliona uwanja wa kijani, magugu yaliyosukana na mizizi ya matete hadi yakawa zulia nene kutoka ukingo hadi ukingo. Watu wengi walikwishakata tamaa nalo, walisema bwawa limekufa. Yeye alichukua panga, akatembea juu ya yale magugu, akakata tundu la upana wa sinia, akashusha ndoana. Kambale walikuwa wamejaa humo chini, gizani, hakuna wa kuwasumbua.

Kutembea pale juu kulihitaji moyo. Ukikanyaga, magugu yanabonyea na maji yanapanda kwenye vidole, ukiinua mguu yanarudi kama godoro. Kando ya tundu lake alikuwa amelaza mlango mkuukuu wa mbao, ndio anaokalia. Mimi alinitafutia chaga za kitanda kilichovunjika, akanikatia tundu langu hatua kama kumi kutoka kwake, tukapeana migongo nusu. Ufito, mshipi, ndoana, minyoo kwenye kopo, na boya lililokatwa kwenye ndala iliyochakaa.

"Ukiona boya linatetemeka, usivute," aliniambia bila kugeuka. "Huyo ni perege anaonja. Kambale akichukua, boya linapotea."

Nilikaa pale hadi saa nne. Nilipata perege mmoja wa ukubwa wa kiganja, na nilirudi nyumbani nimemshika mkononi mwenyewe, sikukubali awekwe kwenye kikapu.

Tukawa tunakwenda siku tatu kwa wiki. Na huko bwawani, kwa sababu hatukutazamana na kila mtu ana boya lake la kulinda, tulianza kuongea. Alinieleza mke wangu alivyokuwa mdogo, mkaidi, anapanda mbuyuni asubuhi anashushwa jioni. Mimi nilimweleza habari za pikipiki. Aliuliza maswali mazuri kuliko vijana ninaowafundisha. Alitaka kujua mafuta yanafikaje juu ya injini wakati yamewekwa chini.

Mwezi wa tatu nilikuwa nimepona, au niliona hivyo. Kikohozi hakuna, usingizi mzuri, kilo zinapanda kila nikipimwa zahanati. Asubuhi moja pale kwenye matundu nikamwambia kwamba nawaza kurudi Korogwe. Wateja wananipigia simu, mke wangu anahangaika peke yake. Na kwa kuwa naona nimekuwa mzima, nikasema, hivi vidonge vilivyobaki sijui kama vina haja sana.

Boya lake lilipotea kabisa chini na hakuvuta.

"Baba yao naye alisema hivyohivyo," akasema hatimaye.

Sikujua. Katika miaka yote ile nilijua tu kwamba baba mkwe wangu alifariki kabla sijaoa, kwamba aliumwa. Mke wangu hakupenda kulizungumza.

"Alikuwa na ugonjwa huohuo wako. Akanywa miezi mitatu, akaona ana nguvu, akarudi shamba. Vidonge akaviweka juu ya kabati. Nilimwambia mara moja. Akasema, mama watoto, unaniona naumwa? Nikamtazama, kweli haumwi. Nikanyamaza." Akaunyoosha mshipi uliolegea. "Ugonjwa uliporudi, ulirudi kwa hasira. Sikumwambia mara ya pili, mkwe. Ndiyo maana wewe nakuuliza kila siku."

Nilitazama tundu langu. Nikajifanya nabadilisha chambo. Tulipofika nyumbani nilimpigia simu mke wangu, nikamwambia nitabaki hadi kidonge cha mwisho, aje na shati jingine maana haya yameanza kunibana. Alilia kwenye simu, na nilijua analilia nini.

Sasa niseme la siku ile nyingine. Ilikuwa mwezi wa tano wa dawa. Nilikuwa kilo sitini na moja, najisikia mwanamume. Nikavuta kambale mkubwa kuliko wote niliowahi kuwapata, urefu wa mkono wangu, mweusi, masharubu yanapiga huku na huku. Nilimtoa juu, ndoana ikachomoka, akaanza kuteleza juu ya magugu akitafuta njia ya kurudi majini. Nikasahau kila nilichofundishwa. Niliinuka kwenye chaga, nikamkimbilia.

Hatua ya tatu zulia likafunguka. Sikusikia kishindo, nilijikuta tu nimo ndani, maji ya baridi hadi kifuani, miguu inatafuta chini na chini hakuna. Kila nilichoshika kilikatika mkononi. Mizizi ilinizunguka magotini kama kamba. Nilipiga mateke, na kila teke lilinishusha zaidi.

"Usipige miguu!" alipiga kelele. "Tulia! Lala kama unaogelea!"

Nilimwona akilala kifudifudi juu ya magugu na kuusukuma ule mlango mbele yake, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, kanga imeloa matope, anatambaa. Ulipofika karibu alipanda juu yake kwa tumbo, akaninyooshea ufito wake wa kuvulia. Nikaushika. Ukakatika katikati.

Akanyoosha mkono.

Naona haya kuandika hili, lakini nilisita. Maji yananifika shingoni, na mimi nautazama ule mkono nawaza kwamba ni wa mama mkwe. Miaka yote ile ya kupishana njiani ilikuwa imeingia hadi kwenye mifupa.

"Mama..."

"Nipe mkono!" akasema. "Heshima utaniheshimu ukiwa hai!"

Nikampa. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, akabana miguu kwenye ubao wa mlango, akavuta. Mimi nikatulia kama alivyosema, miguu ikalegea ikachomoka kwenye mizizi mmoja mmoja. Sijui ilichukua muda gani. Nilijikuta nimelala juu ya ule mlango, yeye kando yangu, sote tunahema tukiangalia juu.

Kisha nikasikia sauti ambayo sikuielewa. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Ulipokuja," akasema, pumzi zinamkatika, "ulitembea hapa juu kama ndege, majani hata hayalali. Leo magugu yamekukataa. Umenenepa, mkwe! Wallahi umepona."

Nami nikacheka, nikakohoa maji, nikacheka tena. Yule kambale alikwenda zake.

Njiani kurudi alitangulia, nami nikafuata kwa mbali. Nilijua anawaza ninachowaza, kwamba tumeshikana, tumelala ubao mmoja, na itakuwaje. Yule jirani wa Kimasai alikuwa uani na kibuyu chake cha maziwa. Akatutazama, matope kuanzia utosini.

"Kuna nini?" akauliza.

"Nimevua mkwe," mama akamjibu, akapita kwenda kuteka maji.

Kesho yake asubuhi nilitoka, nikasimama mbali kama kawaida. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Akaja hadi nilipo, akanipa mkono. Mkono mkavu, mgumu, wenye makovu ya miiba ya kambale. "Jana Mungu alishaamua," akaniambia. "Tusijifanye wajanja kuliko Yeye." Tangu siku hiyo tulisalimiana hivyo, na ndugu walioshangaa walielezwa habari ya bwawa, wakacheka, wakazoea.

Nilimaliza vidonge. Nilipimwa, nikaambiwa sina tena ugonjwa, nikapanda basi la asubuhi kurudi Korogwe na mzigo wa kambale wakavu ambao kondakta alitaka uwekwe juu ya paa kwa harufu. Kibanda changu nilikikuta kimejaa vumbi, na wateja walirudi taratibu. Leo nina kilo sabini na moja, na mke wangu ananiambia zinatosha.

Mara nyingi nimejaribu kumshukuru mama yule na sikupata namna. Mwaka juzi macho yalimsumbua, akaja kwetu kutibiwa, akakaa miezi miwili. Nilikuwa nimemaliza kumwekea dawa ya matone, jambo ambalo zamani lingekuwa kichekesho, nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikaanza, "Mama, nikikumbuka ulivyonitunza kule..."

"Umefunga kichupa?" akaniuliza. "Kisimwagike. Kina bei."

Nikakifunga.

Kiangazi kilichopita wanakijiji walikubaliana kulisafisha bwawa. Walifanya kazi wiki kadhaa, wakavuta magugu yote nje, yakarundikwa ukingoni na kukauka. Tulikwenda kuliona, mimi, mke wangu na yeye. Maji yalikuwa wazi, upepo unayachezea, ng'ombe wamesimama ng'ambo wanakunywa. Sikuweza hata kukisia matundu yetu yalikuwa wapi.

"Kumbe ni dogo hivi," mama akasema. "Mimi nilidhani ni kubwa sana."

Mke wangu, ambaye tangu utoto aliogopa kupanda juu ya yale magugu na hakuwahi kuvua hata siku moja, alivua viatu, akakaa ukingoni na kuomba mshipi. Tulimwekea chambo. Mama akakaa kulia kwake, mimi kushoto, tukamwelekeza kwa zamu hadi akatuambia tunyamaze. Baada ya muda boya likaanza kutetemeka.

"Nivute?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado," tukamjibu wote wawili kwa pamoja.