Babu Niliyempata Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Nilipoacha shule darasa la saba, niliacha pia tabia ya kuhakikisha mambo. Mwezi uliopita, katika kuzurura kwangu, niliingia kanisa moja Kawangware nikamwomba karani kitabu cha zamani cha ubatizo. Humo nikamkuta Zakaria Njuguna wa Kabiro, jina lile lile la marehemu babu yangu. Kwa mtaalamu kama mimi, hilo lilitosha kabisa.

Ukoo huo una ploti ya vyumba vya kupanga Kabiro hadi leo, na mimi Kibera nilikuwa nimeshafungiwa nyumba kwa deni la kodi. Nikaazima koti, nikaenda kudai undugu na, Mungu akipenda, chumba kimoja cha bure.

Walinikaribisha vizuri. Nikawasimulia jinsi babu Zakaria alivyowataja hadi pumzi ya mwisho, na jinsi tulivyomzika kwenye mvua. Nililia kidogo, kwa heshima ya chumba.

Mama mmoja akauliza, "Kijana, una uhakika ni Zakaria wetu?"

"Mathe, kanisa linaweza kudanganya?"

Mzee aliyekuwa akinimiminia chai akaweka birika chini.

"Zakaria ni mimi," akasema. "Hebu niambie, mlinizika wapi?"