Sakafu ya Baba Mkubwa

Mama Mkubwa hupima maji ya majivu kwa unyoya wa kuku. Huuchovya yakiwa yanachemka, kisha huutoa. Ukibaki uti mtupu, maji ni makali, yako tayari kuchanganywa na mawese yawe sabuni. Ndiyo maana kuku wa nyumba hii wakimwona hushika njia.

Mume wake, Baba Mkubwa, hukamua mawese kwenye kibanda cha uani. Mikungu mitupu ya michikichi, ambayo wengine huitupa, Mama Mkubwa huianika, huichoma, na majivu yake huyatia kwenye pipa lenye matundu chini. Akimwagia maji juu, hushuka polepole kwenye beseni yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi. Ameifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, na hupenda kuifanya akiimba, vibaya.

Juzi hakuimba. Dobi wa mtaa, mteja wake mkubwa, alikuwa amemwambia, "Dada, sabuni ya mwisho imeniachia mafuta kwenye mashuka ya watu. Kesho naja. Ikiwa ile ile, nahamia ya dukani, usinilaumu."

Asubuhi iliyofuata alimwagia pipa maji, akayachemsha yaliyoshuka, akanipa unyoya niuchovye. Ulitoka mzima, umenyooka, kama umetoka kuoga.

"Haya ni maji ya kunawia uso!" alisema. "Nani amegusa pipa langu?"

Baba Mkubwa alikohoa. "Mimi, mke wangu. Jana vumbi la majivu lilikuwa linapeperuka, nikasema mgeni asije akapiga chafya. Nikalinywesha ndoo tatu."

"Ndoo tatu! Na yaliyoshuka?"

"Yale machafu? Nikayamwaga kibandani."

Mama Mkubwa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bwana we, umemwaga nguvu yote ya majivu. Nimpe nini dobi? Unyoya?"

Wakati huohuo dobi alibisha hodi. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kumkaribisha, kwa hiyo alijikaribisha mwenyewe, akapitia kibandani.

"Njooni hapa," aliita. "Sakafu hii mmeifanya nini?"

Tulikwenda. Sakafu ya kibanda ilikuwa na utando mweusi wa mawese wa miaka mingi. Nilidhani ndiyo rangi yake. Sasa, katikati, palikuwa na kiraka cha saruji safi, cha kijivujivu, na pembeni povu lililokauka. Dobi alipitisha kidole, akakinusa.

"Maji ya majivu tu, shemeji," alisema Baba Mkubwa, kifua mbele. "Nimeyamwaga mimi."

"Kwa bahati mbaya," alisema Mama Mkubwa.

"Kama yanang'oa utando huu, kola za mafundi gereji zitanishinda nini?" Dobi alicheka. "Dada, nichanganyie sabuni kwa maji kama haya, na dumu moja la maji yenyewe."

"Yamekwisha. Mpaka nichome mikungu mipya."

"Kwa sakafu hii, nasubiri wiki nzima."

Jioni ile moshi ulipanda uani na Mama Mkubwa akaimba tena, vibaya kuliko siku zote. Pipa sasa lina kifuniko, na juu ya kifuniko kuna jiwe ambalo Baba Mkubwa hawezi kuliinua peke yake.