Mteja Namba Arobaini na Moja

Usiku ule nililala na jalada la Mama Neema kifuani. Asubuhi yake tulikuwa na kesi mahakamani, na aliyeiharibu ni mimi.

Sisi wanafunzi wa sheria tulikuwa na chumba nyuma ya hospitali, tukiwasaidia bure watu wenye virusi vya Ukimwi na familia zao. Sharti la kwanza: usiandike jina la mgonjwa, andika namba. Majina yalikaa kwenye daftari moja tu, kabatini, chini ya kufuli. Mama Neema alipokuja kuandika wosia, nyumba amwachie Neema, mtoto wa rafiki yake, ambaye yeye alimlea tangu mchanga, mimi nikaandika: "Mimi, mteja namba arobaini na moja." Akaweka dole gumba. Wenzangu wawili wakasaini ushahidi, na hakuna aliyeshtuka. Wasomi hao!

Alipofariki, kaka yake aliusoma ule wosia akacheka. "Namba arobaini na moja ndiyo nani? Huyo binti afungashe." Njia ilibaki moja, kulifungua daftari mbele ya hakimu na kusoma mstari wake tu, lakini kila jina mle lilikuwa la mwenye virusi. Mwalimu wetu, ambaye ndiye wakili, alinitaka nimpe jibu, tulifungue au la, kabla ya saa mbili.

Basi nikamwona Mama Neema. Yuko makaburini, ameinama, anafuta vumbi kwenye msalaba wake kwa ncha ya khanga. Msalabani pameandikwa 41. Mwandiko ni wangu.

"Umeniandika vizuri," anasema.

Masikio yananiwaka kwa aibu. Nataka kumwomba radhi, lakini tayari tumo ofisini, amekaa kwenye benchi, amevua viatu kama kawaida yake. Kabati liko wazi, na mvua inanyesha ndani ya kabati. Hilo halinishangazi.

"Mama, nilifungue daftari au nisilifungue?"

Ananitazama kama siku ile nilipomwagia chai fomu zake.

"Mimi nimekufa, mwanangu. Unaniuliza mimi ya nini? Atakayebaki na wale majirani ni Neema. Umemuuliza?"

Ninahesabu vikao vyetu vyote. Tumebishana, tumenukuu vifungu, tumenuniana. Neema alikaa nje kwenye ngazi kila mara, na hakuna aliyemwita. Ninapoinua macho, benchi ni tupu, viatu vipo.

Nikaamka. Jalada limeanguka, karatasi zimetapakaa sakafuni. Sisemi kwamba wafu hurudi. Nilikuwa nimekula maharage ya juzi. Lakini swali lilikuwa la haki, hata kama limetoka kwenye maharage.

Kulipokucha nikampigia Neema. Yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza mama yake kuchukua dawa, kwa hiyo sikuwa na cha kumficha. Nikamweleza kosa langu, daftari, na kwamba kaka wa marehemu na watu wake watakuwa wamekaa pale, watasikia. Nikamwambia akikataa tutaheshimu, ingawa nyumba huenda ikapotea.

Naye akajibu:

"Dada, siku zote mlikuwa mnangoja nini? Mama alikuwa anameza dawa zake barazani, mchana, mbele ya watu. Siri ilikuwa yenu nyinyi. Lisomeni jina lake, lote."

Nikavaa, nikaenda kuomba ufunguo wa kabati.