Kizungu cha Matanga

Kizungu nilikiogopa kabla sijakijua. Wenzangu waliogopa hesabu, wengine waliogopa nyoka wa kwenye mashamba ya mpunga. Mimi niliogopa vitenzi. Mwalimu wetu wa Kiingereza katika kidato cha pili, mama mfupi aliyevaa viatu visivyo na sauti, alikuwa na mtindo wake. Anakutajia vitenzi viwili vinavyofanana, nawe unasimama kando ya dawati umpe sentensi mbili. Ukikosea unabaki umesimama mpaka kengele. Jamani, mimi nilisimama! Nilisimama kwa ajili ya "borrow" na "lend", kwa sababu kwetu anayeazima na anayeazimwa wanatumia neno lile lile na hakuna aliyewahi kupigana. Nilisimama kwa ajili ya "hear" na "listen". Kwa Kijaluo mtu husikia, husikiliza na kuelewa kwa neno moja tu, na maisha yanakwenda. Lakini Kizungu ni lugha ya polisi, kinataka kujua kama ulikuwa makini au sauti ilikupitia tu. Mwaka ule miguu yangu ilisoma kuliko kichwa.

Nilikuwa nikikaa Migosi kwa baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni mjini Kisumu, na kiwanda ndicho kilichomlipia nyumba. Vyumba viwili, na humo tuliishi sita: yeye, mke wake niliyemwita mama mdogo, watoto wao watatu na mimi. Wazazi wangu walikuwa mashambani, Pap Onditi, na shule yangu ilikuwa mjini. Nyumba ile ndiyo iliyoniweka shuleni.

Baba mdogo alifariki mwezi wa sita, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Kifua kilimbana, akalazwa, hakurudi. Nililia kwa sababu nilimpenda, maana hakuwahi kunitenga na watoto wake hata kwenye kipande cha samaki. Halafu nikalia tena kwa hofu. Nyumba ya kiwanda ni ya mtu wa kiwanda. Mtu akifa, wenyewe wanataka ufunguo. Mama mdogo angerudi kijijini na watoto wake, nami ningerudi nao, na huko hakukuwa na sekondari ya kunipokea katikati ya mwaka.

Kwetu jambo linaloombwa mbele ya jeneza ni gumu kukataliwa. Anayekataa hapo anakataa marehemu akisikia. Mama mdogo alilijua hilo, akapanga: wakubwa wa kiwanda wakija Pap Onditi kuzika, atasimama mbele ya watu wote awaombe nyumba.

Angeweza kuomba kwa Kiswahili, na pengine mambo yangeishia hapo. Lakini wazee wa boma walikuwa wameshakata shauri kwamba wageni watafasiriwa kwa Kizungu. Meneja alikuwa kijana aliyetoka ng'ambo majuzi tu, na Kiswahili chake kilianza na kuisha kwenye neno "haraka". Tena, hata kama angekijua! Matanga yenye Kizungu yalikuwa matanga ya watu waliosoma, na majirani walikuwa wanapima. Mkalimani wetu wa siku zote, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ameshaitwa kwenye mazishi mengine upande wa Katito, kwa maana Jumamosi kwetu kila njia inaelekea kaburini. Ndipo mzee mmoja, Mungu amsamehe, akauliza kama hapakuwa na yule msichana wa sekondari.

Nilitaka kusema kwamba mimi ni yule anayesimama mpaka kengele, lakini nani atamwambia mzee hivyo? Nikaitika.

Ijumaa mchana nilikaa na mama mdogo nyuma ya jiko tukichambua mchele. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa leso na sauti ilikuwa imekauka kwa kulia. Aliniambia nimwoneshe nitakavyosema. Nikaanza. "Mtuache tukae." Sasa hilo "mtuache" ni "let" au ni "leave"? Nikajibu moja, nikageuka, nikajibu jingine. Nilijiona kabisa nimesimama mbele ya umati, nikimwamuru mwenye kiwanda atoke bomani badala ya kumwomba aturuhusu. Mikono ikaanza kutetemeka, mchele ukamwagika nje ya ungo. Mama mdogo alinitazama. Akauliza kama kusema "hadi Desemba" kuna ugumu. Nikamwambia hapana, Desemba ni Desemba hata kwa Wazungu. Akasema basi, tutaomba hivyo tu, tukae hadi Desemba watoto wamalize mwaka. Sentensi moja. Niliirudia mpaka kuku wakaacha kunikimbia.

Jumamosi watu walijaa chini ya turubai na wengine wakasimama juani. Wageni wa kiwanda walipewa viti vyenye mito: meneja, msimamizi wa zamu, na mwenye kiwanda mwenyewe, Mhindi mzee mwenye kofia nyeupe aliyoishika magotini. Wafanyakazi walisema huonekana kiwandani kwa nadra, na akija huongea na meneja kwa Kizungu na kuondoka.

Mwanzo haukuwa mbaya sana. Mchungaji alisema machache kwa Kijaluo, jirani akasema machache, nami nikafasiri. Nilisema wageni wamechukua rambirambi zetu badala ya kutuletea zao, na meneja akainamisha kichwa kwa adabu. Nikajiambia, binti, vumilia, bado kidogo.

Akasimama baba mkubwa.

Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu. Alistaafu reli, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na gari moshi. Kizungu alikijua cha stesheni, neno moja moja. Alianza pole pole, akashukuru waliokuja. Halafu akawageukia wageni.

"Mlimchukua ndugu yangu akiwa na kifua cha ng'ombe wa jembe," alisema. "Mmemtafuna kama muwa. Mmefyonza utamu wote, na leo mnatuletea makapi tuzike."

Umati ukaguna. Baba mkubwa akanitazama, akingoja.

Sijawahi kuogopa hivyo tena, na nimeshajifungua mara nne. Nikisema vile alivyosema, ombi la mama mdogo limekufa kabla halijazaliwa, maana nani atukanwe kisha atoe nyumba? Nisiposema, ninamdanganya mzee wa boma mbele ya maiti ya ndugu yake. Nilimtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na jeneza, anatazama ardhi. Vitenzi vyote nilivyowahi kusimamishwa kwa ajili yake vilinijia kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na msaada. Nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kizungu kwamba baba mkubwa anasema marehemu alikuwa mtu mwenye nguvu, alifanya kazi kwa bidii, na boma linawashukuru.

Meneja akatabasamu kidogo. Mhindi mzee hakutabasamu. Alikuwa ananiangalia.

"Muwa uko wapi?" baba mkubwa akauliza.

Nikajifanya napangusa jasho.

"Mimi nimesema muwa. Sijasikia 'sugarcane'. Rudia, uweke muwa."

Watu wengine walicheka kile kicheko cha matangani, cha kuziba mdomo kwa leso. Mimi machozi yalikuwa yananitoka. Maji yakimwagika hayazoleki, nikarudia. Nikaweka muwa, nikaweka makapi, nikaweka ng'ombe wa jembe, kila kitenzi kikitoka kwa wakati wake chenyewe na kwa mpango wake chenyewe, lakini hapakuwa na wa kutoelewa. Uso wa meneja ulibadilika rangi. Akamwinamia mkubwa wake amnong'oneze, pengine wainuke waende. Nikajua nyumba imekwenda, na shule imekwenda, na ni mdomo wangu uliozipeleka.

Mhindi mzee akasimama. Hakunitazama tena. Alimtazama baba mkubwa, akasema kwa Kijaluo, Kijaluo kabisa, kile cha sokoni ambacho huwezi kujifunza kwa mwalimu:

"Mzee, muwa niliusikia mara ya kwanza."

Mama wee! Pale palikuwa na ukimya hata ungesikia kuku akimeza. Kumbe alikuwa amesikia yote. Alikuwa amesikia wanawake wakijadili kofia yake alipowasili. Alikuwa amenisikia mimi nikidanganya, neno kwa neno, akakaa kimya. Nilitamani lile kaburi lililochimbwa linitoshe na mimi.

Akaendelea bila haraka. Alisema alizaliwa hapo hapo Kisumu, nyuma ya duka la baba yake, na mama mmoja Mjaluo wa Kano, nje kidogo ya mji, aliyemlea alimfundisha Kijaluo kabla hajaijua vizuri lugha ya mama yake mzazi. Kuhusu kifua cha marehemu, alisema yeye si daktari, hawezi kukubali wala kukataa, na mbele ya jeneza hatabishana. Amekuja kuzika mtu wake. Baba mkubwa alibaki amesimama, mdomo wazi kidogo, kisha akakaa taratibu. Sijui kama aliridhika. Nadhani alichotaka ni kusikiwa tu.

Mama mdogo akainuka kutoka mkekani. Nami, kwa ujinga wa hofu, nikasogea kando yake na sentensi yangu ya Desemba imesimama mlangoni mwa meno. Aliniwekea mkono begani, akanisogeza pembeni kama mtu anayesogeza kigoda ili apite. Akazungumza na yule Mhindi mzee moja kwa moja, kwa Kijaluo.

Hakuomba Desemba. Desemba hakuitaja kabisa.

"Huyu aliyelala hapa alikuwa na mikono miwili," alisema. "Mimi pia ninayo miwili. Nipe kazi kiwandani, nyumba ibaki na mfanyakazi wake."

Meneja alimuuliza mkubwa wake jambo kwa sauti ya chini. Mzee akamwashiria angoje. Alitazama jeneza, akatazama wale watoto watatu kwenye mkeka, akaizungusha kofia mikononi.

"Jumatatu uje getini," akasema. "Wakikuuliza, sema nimekuita mimi."

Mama mdogo alifunga sabuni kwenye makaratasi kiwandani pale kwa miaka mingi, mpaka vidole vikapasuka. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikitokea nyumba ile ile ya Migosi.

Jumapili, siku moja baada ya mazishi, mimi na mama mdogo tulikuwa tukisugua masufuria ya watu kwa majivu ili tuyarudishe. Nilimuuliza kwa nini Ijumaa hakunitajia habari ya kazi. Nilikuwa nimekasirika kidogo, nikaona kama alinificha. Hakuacha kusugua.

"Ulikuwa unatetemeka, nyathina," mwanangu, alisema. "Ningekubebesha mangapi?"