Mtoto Aliyelishwa kwa Kijiko

Bandari ya Mtwara ilikuwa bado inajengwa, na baba alifanya kibarua huko. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Siku hiyo mama alinipeleka zahanati nikafungwe kidonda cha mguu, na kwenye benchi tulimkuta mtoto mchanga wa kike, amefunikwa kipande cha kaniki. Mwanamke aliyemleta alikuwa ameaga kwamba anakwenda kuchota maji. Hiyo ilikuwa jana yake.

Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani, na ndani kaakaa nalo lilikuwa wazi. Mganga alimweleza mama kuwa mtoto wa namna hiyo hawezi kunyonya. Hospitali ya misheni wangeweza kumshona, lakini mpaka anenepe kwanza, na wengi hawafiki huko. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama anaweza kumchukua. Tulirudi nyumbani Likombe watatu, mimi nikichechemea nyuma.

Baba alikataa. Hakuwa mtu mkali; aliogopa. Alisema mtoto ana wenyewe, na siku akifa ndipo watakapojitokeza.

"Akifia mikononi mwako, utawaambia nini?"

"Nitawaambia hakufa peke yake," mama alijibu.

Kesho yake baba alikuja akivuta mbuzi wa maziwa, ameazimwa na dada yake.

Tulimlisha kwa kijiko, amekalishwa wima, matone matatu matatu. Mengi yalitokea puani. Mlo mmoja ulichukua muda wa sufuria ya mihogo kuiva. Jirani mmoja alimshauri mama aache kumtesa kiumbe wa Mungu. Mama akamkabidhi kijiko, akamwomba aendelee kidogo, yeye apumzishe mkono. Jirani alimaliza kikombe kizima, na tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi.

Msimu wa korosho ulipofika, mama aliniachia mtoto mchana mmoja. Alinikumbusha: matone matatu, usikie amemeza, ndipo uongeze. Wenzangu walikuwa wanacheza nje, nami nilitaka kumaliza upesi. Nikajaza kijiko.

Hakukohoa. Alinyamaza tu, macho yamenikodolea, na midomo ikaanza kuwa ya zambarau. Niliita jirani, hakuwapo. Nikamlaza kifudifudi juu ya mkono wangu, kama nilivyomwona mama akifanya, nikampiga mgongoni. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu maziwa yakamtoka puani, na baada ya kitambo nilichokiona kirefu mno, akalia.

Nilikaa naye sakafuni mpaka mama aliporudi. Nilikuwa nimepanga kumficha yaliyotokea, lakini nilipomwona tu nikasema, "Nilijaza kijiko."

Mama alimtazama mtoto kifuani, akasikiliza pumzi yake. Kisha akaosha kijiko, akatia matone matatu, akanipa. Nilitikisa kichwa.

"Mlishe," alisema. "Ukimwogopa leo, kesho nitamwachia nani?"

Nilimlisha, mama ameketi pembeni bila kunigusa.

Miezi mingi baadaye tulipanda lori, sote wanne, kwenda hospitali ya misheni. Daktari alimpima, akakubali. Mama alikaa barazani tangu asubuhi bila kutia kitu kinywani. Muuguzi alipomtoa mtoto, uso umevimba na nyuzi zinaonekana mdomoni, mama alisita, kama hakumtambua. Kisha akamnyooshea mikono. Kaakaa lilishonwa safari nyingine, mwaka uliofuata.

Alipoanza kusema, sauti ilipitia puani, na wageni walimwomba arudie. Sisi nyumbani tulimwelewa.

Wenyewe wa mtoto hawakutokea. Lakini kwa miaka mingi, mtu asiyejulikana akibisha hodi, baba aliinuka haraka kuliko sote, akamwita yule binti aingie ndani, ndipo akaenda kumwitikia mgeni.